Safari za ndege: kilo 7 zinazowanyima usingizi wapiga picha wa Kongo

Mpiga picha wa Lubumbashi akiitwa kupiga picha za harusi Kinshasa, hana njia nyingine ya maana isipokuwa ndege. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na hakuna gari litakalomfikisha kabla bibi harusi hajavua shela. Ni vilevile kwa anayetoka Kisangani, Bunia au Mbuji-Mayi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kazi ya picha nje ya mji wako huanzia uwanja wa ndege.

Huko ndiko wasiwasi unakoanzia. Begi lenye kamera linawekwa juu ya mzani, namba inasoma kilo 9 au 10, na mfanyakazi wa kampuni ya ndege anasema mkoba wa mkononi usizidi kilo 7: begi liende chini, kwenye tumbo la ndege. Nyuma kuna foleni ya watu wenye haraka. Mwenye begi ana dakika chache za kuamua hatima ya mali aliyoinunua kwa miaka kadhaa ya kazi, na mara nyingi kwa deni.

Wengi hudhani kuwa tatizo hilo ni la bahati tu: ukimpata mfanyakazi mpole unapita, ukimpata mkali unaumia. Kumbe sheria zenyewe zinavutana. Mzani unasukuma begi chini, sheria ya betri inalazimisha sehemu ya begi hilo ibaki juu, na mkataba wa fidia unamwacha mwenye mali na sehemu kubwa ya hasara. Asiyejua mambo hayo matatu kabla ya kufika uwanjani huyajifunza kwa gharama kubwa.

Hesabu ya mzani

Kila kampuni ina kipimo chake. Ethiopian Airlines, ambayo husafirisha Wakongo wengi kupitia Addis Ababa, inaruhusu kilo 7 kwa abiria wa daraja la kawaida. Air France inaruhusu kilo 12, lakini hizo ni za mkoba mkubwa na ule mdogo vikijumlishwa pamoja. Mwenye tiketi inayounganisha kampuni mbili huwa salama akifuata kipimo kilicho kidogo zaidi, kwa sababu begi lililopita Kinshasa bila neno linaweza kuzuiwa kwenye mlango wa ndege ya pili.

Je, kilo 7 zinatosha? Mfano wa vifaa vya kawaida unatoa jibu. Kamera moja ya Sony A7 IV ina gramu 658 pamoja na betri na kadi yake. Mpiga harusi makini hubeba mbili, ili moja ikigoma nyingine iendelee: hiyo ni kilo 1.3. Lenzi ya milimita 24 hadi 70 ya toleo la pili ina gramu 695. Lenzi ndefu ya 70 hadi 200 ina gramu 1,045. Flashi inaweza kufika karibu nusu kilo, na kompyuta ya inchi 14 huwa na takriban kilo moja na nusu. Mpaka hapo ni kilo 5 na kitu.

Halafu kuna begi lenyewe. Mabegi ya kamera yana kuta nene za sponji, na mengi yana kilo 2 yakiwa matupu. Basi kilo 7 zimejaa kabla ya kuweka betri za akiba, chaja, waya au hata shati la kubadilisha. Msafiri hajabeba kitu cha anasa hata kimoja, na mzani tayari umemkataa.

Ndiyo maana wazoefu hubadilisha begi kabla ya kubadilisha vifaa. Begi jepesi la kawaida, ambalo ndani yake kila lenzi imevingirishwa kitambaa kizito au imewekwa kwenye kifuko chake, linaweza kuokoa zaidi ya kilo moja. Chaja, waya na stendi ya miguu mitatu huenda chini, kwenye valizi, katikati ya nguo. Kamera moja inaweza kuning'inia shingoni. Kompyuta huingia kwenye mkoba mdogo ambao kampuni nyingi huruhusu pamoja na begi, ilimradi msafiri awe amesoma masharti ya tiketi yake, kwani si kila tiketi ina haki hiyo.

Begi jepesi lina faida nyingine. Begi kubwa jeusi lenye jina la kamera maarufu mgongoni linawatangazia watu wote wa uwanja kilichomo ndani. La kawaida halisemi kitu.

Kwa nini betri hazishuki chini

Mahali ambapo msafiri hana ruhusa ya kukubali tu yaishe ni kwenye betri. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga za Kiraia (OACI), zinazofuatwa na kampuni za ndege duniani, zinasema betri za akiba za lithiamu hazipakiwi kwenye mizigo ya tumboni. Lazima zibaki na abiria. Hata chaja za simu za kubebeka, zile ambazo vijana huziita power bank, zinahesabiwa kuwa betri za akiba.

Sababu yake ni moto. Betri ya lithiamu ikiguswa na chuma kwenye ncha zake, ikipondwa au ikiwa na kasoro ya kiwandani, inaweza kupata joto lisilozuilika, kutoa moshi na kulipuka. Ikitokea ndani ya kabini, wahudumu wanaiona mara moja na wanaweza kuimwagia maji. Ikitokea chini kati ya mavalizi, hakuna mtu wa kuifikia.

Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliyokuwa imeondoka Dubai ilishika moto ikiwa na shehena iliyojumuisha betri za lithiamu. Marubani wake wawili walikufa. Kuanzia Aprili 2016, OACI ilipiga marufuku shehena za betri za lithiamu-ioni kupakiwa kama mzigo wa biashara kwenye ndege za abiria. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea ya Kusini. Watu wote 176 waliokuwamo walitoka hai, na wachunguzi walisema baadaye kuwa huenda chanzo kilikuwa power bank iliyokuwa kwenye sanduku la juu ya viti. Tangu Machi mwaka huo, Korea ya Kusini haikubali tena power bank ziwekwe humo: abiria anatakiwa kukaa nazo karibu.

Kwa mpiga picha, jambo hili lina maana moja. Mfanyakazi akisema begi lishuke, betri za akiba zinatolewa kwanza. Ni haki ya abiria kusema hivyo, tena ni wajibu wake. Wanaosafiri mara nyingi huziweka betri zote kwenye kifuko kimoja karibu na zipu, ili zitoke kwa sekunde kumi badala ya kulipekua begi lote mbele ya foleni.

Jinsi ya kusoma betri

Kipimo kinachotumika ni wati-saa, ambacho huandikwa Wh kwenye betri. Chini ya Wh 100, betri inaruhusiwa bila kuomba, ingawa kampuni nyingi huweka ukomo wa betri 20 za akiba kwa abiria mmoja. Kati ya Wh 100 na 160, lazima kampuni ya ndege ikubali kwanza, na za akiba hazizidi mbili. Zaidi ya Wh 160, betri ya aina hiyo haipandi ndege ya abiria pamoja na msafiri, si juu wala si chini.

Betri za kamera za picha hazina shida. Ya Sony inayotumika kwenye A7 IV ina Wh 16.4, na za Canon na Nikon za kiwango hicho hazipishani sana. Matatizo huanza kwa wanaopiga video wenye betri kubwa za taa na kamera za sinema. Watengenezaji wengi huzifanya betri hizo ziwe na Wh 98 au 99 makusudi, ili zisivuke mstari.

Ikiwa betri haina maandishi ya Wh, hesabu ni rahisi: volti zizidishwe kwa ampea-saa. Power bank ya miliampea-saa 20,000 na volti 3.7 inatoa Wh 74, kwa hiyo inapita. Ya 30,000 inatoa Wh 111, na hiyo inahitaji ruhusa. Betri za bei rahisi za sokoni ambazo maandishi yake yamefutika zinaweza kuchukuliwa na walinzi, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha nguvu yake.

Kila betri ya akiba ifunikwe ncha zake, kwa kifuniko chake cha plastiki au kwa kipande cha skoti. Betri iliyolegea mfukoni pamoja na funguo na sarafu ndiyo hasa kanuni hizo zinayoiogopa.

Ndege ndogo za mikoani

Ukitoka kwenye miji mikubwa, hali inabadilika. Safari nyingi za ndani, hasa mashariki na katikati ya nchi, hufanywa kwa ndege ndogo. Let L-410, iliyotengenezwa Chekia na inayojulikana sana Kongo, ina viti 19. Begi linaloingia bila taabu kwenye ndege kubwa linaweza kukosa nafasi humo, likachukuliwa mlangoni na kuwekwa nyuma pamoja na mizigo mingine.

Katika ndege ya namna hiyo, mzani si ukaidi wa mfanyakazi. Kilo chache na mahali zilipowekwa vina uzito katika kuruka na kutua. Wakongo wanakumbuka ajali ya Bandundu ya Agosti 2010, ambapo L-410 ilianguka karibu na uwanja na watu 20 wakafa. Kwa maelezo ya manusura pekee, yaliyoripotiwa na vyombo vya habari duniani kote, mamba mdogo aliyefichwa kwenye begi la abiria alitoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza usawa wake. Kisa hicho kimesimuliwa kama kichekesho huko nje, lakini kwa familia zilizozika kinabaki kuwa funzo: kilichomo kwenye mkoba wa mkononi kinawahusu wote waliomo ndani ya ndege.

Kwa hiyo mwenye kamera anayeelekea mikoani hana budi kujiandaa kwa begi lake kuchukuliwa mlangoni. Betri zinabaki naye. Kamera moja na lenzi moja zinabaki naye, shingoni au mapajani. Kadi zinabaki naye. Vilivyobaki viwe vimefungwa vizuri kiasi cha kuvumilia kurushwa, kwa sababu huenda vikarushwa.

Begi likipotea, nani analipa?

Watu wengi husema kampuni italipa. Kwa safari za kimataifa, jibu liko kwenye Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Mkataba huo unaweka kikomo cha fidia ya mizigo kwa kila abiria. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo hicho ni DTS 1,519. DTS ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni kama dola 2,000 za Marekani, kikipanda na kushuka kulingana na thamani ya fedha. Kikomo ni cha mizigo yote ya abiria, hata kama valizi lilikuwa na nguo na lenzi pamoja.

Lenzi ya Sony ya 70 hadi 200 iliyotajwa hapo juu ilitoka dukani kwa karibu dola 2,800 mwaka 2021. Lenzi hiyo peke yake inazidi fidia yote. Zaidi ya hapo, kampuni nyingi huandika kwenye masharti yao kwamba vitu vinavyovunjika na vya thamani, kamera zikiwemo, visiwekwe kwenye mizigo ya tumboni. Mwenye madai huonyeshwa mstari huo siku ya kudai.

Mkataba unatoa nafasi moja ambayo wachache huijua: kabla ya kukabidhi mzigo, abiria anaweza kutangaza rasmi thamani yake na kulipa ada ya ziada ikiwa kampuni inaitaka, na hapo kikomo hupanda hadi thamani iliyotangazwa. Hilo hufanywa kwenye meza ya usajili, na lazima lipatiwe karatasi.

Muda nao hausubiri. Mzigo ukifika umeharibika, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, ni ndani ya siku 21 tangu siku ulipokabidhiwa. Usipofika kabisa hadi siku 21 zipite, mkataba unamruhusu abiria kuuhesabu kuwa umepotea. Maneno ya mdomo kwa mfanyakazi wa uwanjani hayahesabiwi. Kinachohesabiwa ni maandishi, pamoja na ile karatasi ndogo ya mzigo iliyobandikwa kwenye tiketi, ambayo wengi huitupa mara tu wanapotoka nje.

Mkoba uliobaki mkononi una kanuni tofauti: kampuni inawajibika pale tu hasara ilipotokana na kosa lake au la watumishi wake. Kwa safari za ndani ya nchi, mkataba huo hautumiki, bali sheria za taifa na masharti ya tiketi. Kwa hiyo bima ya vifaa, pale inapopatikana, ina thamani kuliko ahadi yoyote.

Picha zenyewe haziko kwenye hesabu hizo zote. Hakuna mkataba unaoweza kumlipa bibi harusi siku yake, au kuirudishia familia sura ya babu aliyezikwa juzi. Kamera hununuliwa tena. Kadi iliyojaa picha haina duka. Wenye busara hunakili picha kwenye diski ya nje usiku uleule wa kazi, kisha kadi inasafiri mfukoni mwa mtu mmoja na diski inasafiri kwenye begi la mwingine.

Walinzi, forodha na filamu

Mashine za eksirei za uwanjani hazidhuru kamera za kidijitali wala kadi zake. Wanaopiga bado kwa filamu ndio wenye sababu ya kuogopa. Mashine za mizigo ya tumboni zina nguvu ya kuharibu filamu, kwa hiyo filamu isiwekwe humo kamwe. Mashine mpya za mizigo ya mkononi, zile zinazozungusha picha ya begi kwenye skrini, nazo huacha ukungu kwenye filamu. Njia salama ni kuziweka filamu kwenye mfuko unaoonyesha na kuomba kwa heshima zikaguliwe kwa mkono. Marekani hukubali ombi hilo. Kwingineko hutegemea uwanja na mlinzi.

Kuna vitu vidogo vinavyokamatwa mara kwa mara. Kopo la hewa ya kupuliza vumbi haliruhusiwi juu wala chini, basi mpira wa kupuliza kwa mkono unatosha. Dawa ya kusafishia lenzi isizidi mililita 100 kwenye safari nyingi za kimataifa. Na uwanja wenyewe usipigwe picha bila ruhusa: huko Kongo viwanja vya ndege huhesabiwa kuwa maeneo nyeti, na picha moja ya ukumbusho karibu na ndege imewahi kumpotezea mtu siku nzima akijieleza.

Kwenye mipaka, shida ni tofauti. Tangu uwanja wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025 kutokana na vita, wasafiri wengi wa mji huo wamelazimika kuvuka Gisenyi na kupanda ndege Kigali. Mpiga picha anayepita njia hiyo anaonyesha kamera zake kwa maofisa wa nchi mbili wakati wa kwenda, na tena wakati wa kurudi. Asiyekuwa na karatasi anaweza kudaiwa ushuru wa vifaa vyake mwenyewe, kana kwamba amevinunua safarini. Orodha iliyochapwa yenye jina la kila kifaa na namba iliyochongwa chini yake, nakala za risiti, na mhuri wa forodha uliopigwa kwenye orodha hiyo kabla ya kutoka, vinapunguza mabishano. Orodha hiyohiyo ndiyo polisi na bima huiomba kifaa kikiibwa.

Sheria nazo hubadilika ghafla. Machi 2017, Marekani ilikataza vifaa vya elektroniki vikubwa kuliko simu, kamera zikiwemo, kubaki kabini kwenye ndege kutoka viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika ya Kaskazini. Waliopitia Istanbul au Dubai walilazimika kuzituma kamera chini. Marufuku hiyo iliondolewa kufikia Julai mwaka huohuo, lakini ilionyesha kwamba kilichoruhusiwa safari iliyopita si ahadi ya safari ijayo. Kusoma ukurasa wa kampuni siku mbili kabla ya kuondoka hakugharimu kitu.

Kabla ya kutoka nyumbani

Yote hayo yanarudi kwenye uamuzi mmoja, unaofanywa nyumbani usiku wa kuamkia safari na si mbele ya foleni. Vifaa vinapimwa kwa mzani wa jikoni au wa duka la jirani. Kisha vinagawanywa makundi matatu. La kwanza ni vile ambavyo havitoki mkononi hata iweje: kadi, betri, kamera moja na lenzi inayotosha kufanya kazi ya kesho. La pili ni vile vinavyopaswa kubaki juu lakini vinaweza kuchukuliwa mlangoni, vikiwa vimefungwa kwa ajili ya hilo. La tatu ni vile vinavyoshuka chini, ambavyo vikipotea kazi haisimami.

Aliyepanga hivyo akiambiwa begi lishuke, anafungua zipu, anatoa kifuko cha betri na kamera moja, anafunga na kukabidhi. Foleni haikasiriki, naye hagombani na mtu. Begi likichelewa siku mbili Addis Ababa au Kisangani, harusi itapigwa picha kwa kamera moja na lenzi moja, na bibi harusi hatajua kitu.

Msemo wa haba na haba hujaza kibaba unajulikana na kila mtu aliyejinunulia lenzi kidogo kidogo. Nao mzani wa uwanjani unahesabu vivyo hivyo, gramu kwa gramu. Heri kuhesabu mwenyewe kwanza.